Namna ya Kutoa Kibali cha Msimamizi kwa Programu za Nje katika Akaunti ya Wingu ya Ofisi

Mfanyakazi anafungua programu mpya ya kupanga mikutano, anachagua kuingia kwa akaunti ya kazini, anaandika nenosiri, anathibitisha kwa simu yake, halafu badala ya kuingia anakutana na ukurasa wenye maneno "Need admin approval". Anapiga picha ya skrini, anamtumia msimamizi wa mifumo, na chini yake anaandika: "Samahani, naomba uniruhusu hapa, kikao kinaanza saa nne." Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo anayepokea picha hiyo. Unaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kutoa kibali, mahali pa kukitolea, namna ya kukiwekea mipaka na namna ya kukiondoa. Maelezo yanafuata zaidi mfumo wa Microsoft Entra ID, ambao hadi mwaka 2023 ulijulikana kama Azure Active Directory na ndio unaobeba akaunti za Microsoft 365. Google Workspace inafuata baadaye kwa ufupi, maana huko kanuni ni zile zile na kinachotofautiana zaidi ni njia ya kufikia kitufe.

Kibali ni kitu gani hasa

Programu ya nje ni programu yoyote ambayo haikutengenezwa na taasisi yako wala na kampuni inayokuuzia huduma ya wingu, lakini inataka kusoma au kuandika kitu kilichomo katika akaunti ya taasisi: barua pepe, kalenda, mafaili, orodha ya wafanyakazi. Zamani programu ya namna hiyo ilimwomba mtumiaji nenosiri lake na kulihifadhi, ikawa na uwezo wote alionao yeye. Utaratibu wa OAuth 2.0, uliochapishwa Oktoba 2012 katika waraka wa RFC 6749, uliondoa haja hiyo. Sasa programu haipewi nenosiri, bali inapewa tokeni, yaani hati ya kidijitali ya muda inayotaja data ambayo programu inaruhusiwa kuigusa na kwa kiasi gani. Katika Entra tokeni ya kufikia data kwa kawaida huishi kati ya dakika 60 na 90. Hata hivyo, programu iliyopewa ruhusa iitwayo offline_access hupata pia tokeni ya kuhuisha, ambayo kwa kawaida hudumu siku 90 na hubadilishwa kwa mpya kila inapotumika. Kwa hiyo programu uliyoiruhusu leo inaweza kuendelea kuchota data kwa miezi mingi bila mtu yeyote kuandika nenosiri tena.

Ni vizuri maneno matatu yatenganishwe tangu mwanzo. Ruhusa ni uwezo mmoja mmoja unaoombwa, kwa mfano kusoma kalenda. Ombi ni orodha ya ruhusa zote ambazo programu inazitaka kwa pamoja. Kibali ni tamko la mwenye mamlaka kwamba ombi hilo limekubaliwa. Mtumiaji wa kawaida anapotoa kibali, anakitoa kwa data yake mwenyewe tu. Msimamizi anapotoa kibali kwa taasisi nzima, amesaini kwa niaba ya kila mwenye akaunti, pamoja na wale ambao hawajawahi kuisikia programu hiyo, na kuanzia hapo hakuna atakayeulizwa tena. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kazi hii isistahili kufanywa katika dakika tano kabla ya kikao cha mtu mwingine.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Tarehe 3 Mei 2017 watu wengi duniani walipokea barua pepe ya kuwaalika kufungua waraka. Aliyebonyeza alipelekwa kwenye ukurasa halisi wa Google wa kutoa kibali, ambako programu iliyojiita "Google Docs" iliomba kusoma, kutuma, kufuta na kusimamia barua pepe zake pamoja na orodha ya anwani zake. Hapakuwa na nenosiri lililoibwa, na ukurasa wa kibali haukuwa wa bandia. Uthibitishaji wa hatua mbili nao haukuwa na la kuzuia, kwa sababu mwenye akaunti ndiye aliyeingia na ndiye aliyeridhia. Google iliizima programu hiyo ndani ya saa moja hivi. Kilichowaponza watu ni kwamba walisoma jina la programu, hawakusoma mistari iliyo chini yake.

Mipangilio ya kuweka kabla ombi la kwanza halijafika

Ingia kwenye entra.microsoft.com kwa akaunti ya usimamizi, fungua "Enterprise apps", kisha "Consent and permissions". Hapo kuna mambo mawili ya kuamua.

La kwanza, katika "User consent settings", ni kiasi gani watumiaji wenyewe wanaweza kuridhia bila kukuuliza. Unaweza kuwazuia kabisa, unaweza kuwaruhusu kwa kila kitu, jambo ambalo sishauri mahali popote, au unaweza kuchagua njia ya kati, yaani kuwaruhusu kwa programu za wachapishaji waliothibitishwa na kwa ruhusa ulizoziainisha kuwa za athari ndogo. Ruhusa ambazo huwekwa katika kundi hilo ni zile za kumtambua mtu tu, kama vile User.Read, openid, profile na email, pamoja na offline_access. Katikati ya mwaka 2025 Microsoft pia ilianza kuzipa taasisi mpangilio inaousimamia yenyewe, ambao unawazuia watumiaji kuziridhia programu za nje zinazotaka kufikia mafaili na tovuti za ndani. Ndiyo maana ofisi nyingine ziliona maombi yakiongezeka ghafla ingawa hakuna aliyebadilisha kitu. Mimi napendelea njia ya kati, kwa sababu ukimzuia mtu hata kuingia tu kwenye programu isiyogusa barua wala faili lake, utajaza meza yako maombi madogo, na maombi madogo yakiwa mengi macho huchoka kabla ya kufikia lile kubwa.

La pili, katika "Admin consent settings", ni kuwasha utaratibu wa watumiaji kutuma ombi. Ukiuacha umezimwa, mtumiaji hugonga ukuta na kukutumia picha ya skrini. Ukiuwasha, ukurasa ule ule humpa nafasi ya kuandika sababu na kulituma ombi lake, nalo hufika likiwa na jina la programu, mtengenezaji wake na orodha ya ruhusa. Utachagua pia wakaguzi watakaopokea taarifa kwa barua pepe, na idadi ya siku ambazo ombi litakaa kabla ya kuisha muda. Mabadiliko haya huweza kuchukua hadi saa moja kuanza kufanya kazi, kwa hiyo usidhani umekosea ukiona kimya. Kumbuka pia kwamba mkaguzi mpya hawezi kuyashughulikia maombi yaliyotumwa kabla hajateuliwa.

Kuteuliwa kuwa mkaguzi hakumpi mtu mamlaka ya kuidhinisha. Mkaguzi asiye na wadhifa unaofaa ataliona ombi, ataweza kulikataa au kuizuia programu, lakini hataweza kulikubali. Wadhifa wa Cloud Application Administrator au Application Administrator unatosha kwa maombi mengi. Hautoshi kwa programu inayotaka kuifikia Microsoft Graph, yaani mlango wa pamoja ambao programu hupitia kufikia data ya Microsoft 365, kwa jina lake yenyewe, aina ya ruhusa itakayoelezwa hapa chini. Huko anahitajika Privileged Role Administrator au Global Administrator. Microsoft yenyewe inashauri taasisi iwe na wenye wadhifa wa Global Administrator wasiozidi wanne. Ushauri huo una maana ya pekee hapa, kwa sababu kila mwenye wadhifa huo ni mlango ambao programu moja inaweza kupitia na kuingia taasisi nzima.

Kwa sababu hiyo, msimamizi awe na akaunti mbili, moja ya kazi za kila siku na nyingine ya usimamizi. Ukiijaribu programu mpya kwa ajili yako mwenyewe huku umeingia kwa akaunti ya usimamizi, ukurasa wa kibali utaonyesha kisanduku kidogo chenye maneno "Consent on behalf of your organization". Ukikiacha kitupu, umejiridhia wewe tu. Ukikiwekea alama ya vema, hata kwa kidole kilichozoea kuweka vema kila mahali, umeridhia kwa niaba ya wote. Akaunti ya kawaida haionyeshi kisanduku hicho kabisa.

Kulisoma ombi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Fungua "Enterprise apps", kisha "Admin consent requests", chagua ombi na uanze kwa kumtambua aliyeitengeneza programu. Jina na nembo havithibitishi chochote, kwa sababu anayesajili programu huandika jina analolitaka. Tazama kama kuna alama ya bluu ya mchapishaji aliyethibitishwa, ambayo inamaanisha kwamba Microsoft imekagua utambulisho wa kampuni hiyo. Haimaanishi kwamba programu yenyewe imekaguliwa na kuonekana salama, na wengi huichukulia hivyo. Kisha linganisha namba ya utambulisho ya programu, ile ndefu yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari vyake, na namba iliyochapishwa katika maelezo ya mtengenezaji kwenye tovuti yake rasmi. Usiinakili kutoka kwenye barua pepe iliyokuletea ombi. Angalia pia anwani ambayo programu inampeleka mtumiaji baada ya kuingia, kwa sababu ikiwa ni ya kikoa kisichohusiana kabisa na mtengenezaji, una swali la kumuuliza kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo soma ruhusa mstari kwa mstari, na katika kila mstari jiulize kwanza ni ya aina gani kati ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ruhusa ya niaba: programu hufanya kazi kwa niaba ya mtu aliyeingia, na haiwezi kuona zaidi ya anachokiona yeye. Aina ya pili ni ruhusa ya programu yenyewe: hakuna mtu anayehitaji kuingia, programu hujitambulisha kwa siri yake au cheti chake, na hufanya kazi usiku na mchana juu ya data ya taasisi nzima. Katika orodha ya Microsoft aina hizi huitwa "Delegated" na "Application".

Tatizo ni kwamba ruhusa za aina zote mbili zinaweza kuwa na jina moja. Chukua Mail.Read. Ikiwa ni ya niaba, maelezo yake husomeka "Read user mail", na programu itasoma barua za Asha pale tu Asha anapokuwa ameingia au ameiachia tokeni ya kuhuisha. Ikiwa ni ya programu yenyewe, jina ni lile lile Mail.Read, lakini maelezo husomeka "Read mail in all mailboxes", yaani sanduku la Asha, la mhasibu, la mkurugenzi, na la mtu atakayeajiriwa mwaka ujao. Anayesoma jina peke yake hataona tofauti. Ndiyo maana safu ya aina ya ruhusa isomwe kabla ya safu ya jina.

Baada ya aina, soma kitenzi na upana. Read ni kusoma, ReadWrite ni kusoma na kubadili, Send ni kutuma. Neno All mwishoni hupanua ruhusa ivuke vitu vya mtumiaji mwenyewe. Files.Read ya niaba huishia kwenye mafaili ya aliyeingia, ilhali Files.Read.All hufika kwenye kila faili ambalo mtu huyo ameshirikishwa, na katika ofisi nyingi mtu mmoja ameshirikishwa mafaili mengi kuliko anavyokumbuka. MailboxSettings.ReadWrite huonekana kama jambo la mapambo, kana kwamba ni saini na lugha tu, lakini mipangilio ya sanduku la barua si ya kumwachia mtu usiyemjua. Ukikutana na Directory.ReadWrite.All, RoleManagement.ReadWrite.Directory au AppRoleAssignment.ReadWrite.All kama ruhusa za programu yenyewe, simama. Mbili za mwisho humwezesha mwenye nazo kujiongezea mamlaka hadi kuitawala akaunti yote ya taasisi, na programu ya kawaida ya ofisini haina sababu ya kuzihitaji.

Kisha linganisha orodha yote na kazi ambayo mfanyakazi ameielezea. Niliwahi kupokea ombi la programu ya kupanga mikutano iliyotaka kusoma na kuandika kalenda, jambo lililoeleweka, lakini mstari wa nne ulitaka kusoma na kuandika barua pepe. Aliyeomba alikuwa ameandika sababu moja fupi: "Kupanga vikao na wateja." Kalenda ilihusika, lakini barua pepe haikuonekana ina nafasi gani katika kazi hiyo. Nilimwandikia mtengenezaji nikiutaja mstari wenyewe na kuuliza unatumika katika sehemu ipi ya programu. Akajibu baada ya siku mbili kwamba ulikuwa wa kipengele cha kupendekeza miadi kutokana na yaliyomo kwenye barua, kipengele ambacho ofisi yetu haikukihitaji, na kwamba alikuwa na toleo lililosajiliwa kivyake linaloomba kalenda tu. Tuliidhinisha hilo la pili. Mfanyakazi alipata alichokitaka, akachelewa siku mbili, na masanduku yetu ya barua hayakufunguliwa kwa mtu asiyeyahitaji. Kama nisingeuliza, hakuna ambaye angetuambia kwamba toleo hilo lipo.

Swali la namna hiyo ni haki yako kama mteja. Muulize mtengenezaji data inahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na ni nani anayeweza kuiona upande wake. Mtengenezaji makini huwa na majibu hayo tayari. Asiyeweza kueleza kwa nini anahitaji ruhusa anayoiomba hajakupa sababu ya kumpa.

Kukitoa

Ukiridhika, kitendo chenyewe ni kifupi. Ndani ya ombi bonyeza sehemu ya kupitia ruhusa na kutoa kibali, ingia tena ukiulizwa, soma ukurasa wa mwisho ambao unarudia orodha, kisha kubali. Ikiwa ukurasa huo unaonyesha mstari usioukumbuka kutoka kwenye ombi, rudi nyuma.

Ikiwa programu tayari imo katika orodha ya taasisi, ifungue, nenda "Permissions", na utumie kitufe cha kutoa kibali kwa niaba ya taasisi kilichopo hapo. Chukua tahadhari moja: kutoa kibali upya kwa programu ambayo tayari ilikuwa nacho kunaweza kufuta ruhusa zilizotolewa awali kwa taasisi nzima na kuweka zile zinazoombwa sasa. Nakili orodha iliyopo kabla hujabonyeza, ili kitu kikiacha kufanya kazi ujue ni kipi kilichoondoka.

Njia ya tatu ni kiungo. Watengenezaji wengi hutuma kiungo cha kibali kwa barua pepe, na mimi huwa sikibonyezi; huunda changu mwenyewe kwa namba nilizozihakiki, kwa umbo hili:

https://login.microsoftonline.com/NAMBA-YA-TAASISI/adminconsent?client_id=NAMBA-YA-PROGRAMU

Ukilikataa ombi, mfumo utakutaka uandike sababu, na sababu hiyo hutumwa kwa wote walioiomba programu hiyo. Iandike kwa heshima na kwa ukamilifu, ukitaja ruhusa iliyokukwaza na, kama ipo, programu nyingine ambayo ofisi tayari inayo kwa kazi hiyo. Mfanyakazi aliyenyimwa bila maelezo hutafuta njia ya kuzunguka, na mara nyingi njia hiyo ni kupeleka mafaili ya kazi kwenye akaunti yake binafsi. Kuzuia ni kitendo kingine kizito zaidi: programu huwekwa katika hali ya kuzimwa, na watumiaji hawawezi tena kuiombea kibali. Kitumie kwa programu unayoamini kuwa ya udanganyifu, usikitumie kwa ile ambayo haikukuvutia tu.

Mtumiaji akikuambia kwamba bado anakwama, muulize namba ya kosa. AADSTS65001 inaashiria kwamba hakuna kibali kilichopatikana kwa ruhusa inayoombwa, na mara nyingi sababu ni kwamba programu imeongeza ruhusa mpya ambayo haikuwemo ulipoidhinisha. AADSTS90094 inamaanisha kwamba ruhusa hiyo inahitaji msimamizi. Katika hali zote mbili rudi kwenye orodha na uisome upya, maana ombi lililoongezwa mstari ni ombi jipya.

Kukiwekea mipaka

Kibali cha taasisi nzima hakilazimu taasisi nzima iitumie programu. Fungua "Properties" za programu na uweke "Assignment required" kuwa "Yes", kisha katika "Users and groups" ongeza kikundi cha wanaoihitaji. Asiyekuwemo hataweza kuingia. Mpangilio huu mmoja hupunguza athari za ruhusa za niaba kwa kiasi kikubwa, na sielewi kwa nini wasimamizi wengi huuruka.

Ruhusa za programu yenyewe hazizuiwi na mpangilio huo, kwa kuwa haziendi na mtu. Kwa mafaili, muulize mtengenezaji kama programu yake inaweza kutumia Sites.Selected, ambayo haimpi chochote mpaka umtajie tovuti moja moja za SharePoint (huduma ya Microsoft ya mafaili na tovuti za ndani) unazomruhusu. Kwa barua pepe na kalenda, Exchange Online, huduma ya Microsoft 365 inayobeba masanduku ya barua, ina utaratibu wa kugawa majukumu kwa programu unaokuwezesha kuibana kwenye masanduku machache. Programu inayotuma ankara inahitaji sanduku la ankara peke yake.

Kwa wanaotumia Google Workspace

Ingia admin.google.com, fungua "Security", kisha "Access and data control", kisha "API controls", na hapo utakuta sehemu ya kusimamia programu za nje. Kila programu hupewa hali yake kwa kitengo cha taasisi unachokichagua: kuaminiwa kikamilifu, kupewa data maalumu ulizoziteua, kuwekewa mipaka kwenye huduma zisizofungwa, au kuzuiwa. Chagua data maalumu kila inapowezekana badala ya kuaminiwa kikamilifu. Katika ruhusa zake tofauti kubwa ya kuijua ni kati ya drive, inayofungua hifadhi yote ya mtumiaji, na drive.file, inayoishia kwenye mafaili ambayo programu imeyaunda au ambayo mtumiaji ameyafungua kupitia programu hiyo. Mabadiliko huweza kuchukua hadi saa 24 kuenea.

Katika ukurasa huo huo kuna sehemu ya "Domain-wide delegation", ambayo ni msimamizi mkuu tu anayeweza kuishughulikia. Hii huiwezesha programu kutenda kama mtumiaji yeyote wa kikoa bila yeye kuridhia na bila hata kujua. Mwongozo wa mtengenezaji ukikuambia ubandike hapo namba na orodha ya ruhusa, isome orodha hiyo kwa uangalifu ule ule wa ruhusa za programu yenyewe, na ufute kila mstari usioeleweka kabla ya kuhifadhi.

Kukagua na kuondoa

Weka siku moja katika kila miezi mitatu ya kuipitia orodha ya programu zilizoidhinishwa. Tafuta zile ambazo hakuna aliyeingia kwa muda mrefu, zile ambazo aliyeziomba ameondoka kazini, na zile za majaribio yaliyoisha. Kumbukumbu za ukaguzi huonyesha kila kibali kwa tukio liitwalo "Consent to application", pamoja na aliyekitoa, lakini Entra huzihifadhi siku 7 tu kwa leseni ya bure na siku 30 kwa leseni za P1 na P2. Kwa hiyo andika daftari lako mwenyewe: programu, namba yake, ruhusa zilizotolewa, aliyeomba, sababu yake, aliyeidhinisha na tarehe. Jedwali la kawaida linatosha.

Unapoiondoa programu kwa dharura, anza kwa kuweka "Enabled for users to sign-in" kuwa "No", ili isipate tokeni mpya. Kisha fungua "Permissions" na uondoe ruhusa zilizotolewa na msimamizi. Ruhusa ambazo watumiaji waliziridhia wenyewe haziondoki pamoja na hizo, na kuziondoa kunahitaji PowerShell (zana ya kuandikia amri) au Microsoft Graph. Futa pia vipindi vya kuingia (sessions) vya watumiaji walioguswa ili tokeni zao za kuhuisha zisifae tena. Kumbadilishia mtu nenosiri peke yake hakufuti kibali, na kwa ruhusa za programu yenyewe hakugusi kitu chochote, kwa sababu programu hiyo haikuwahi kutumia nenosiri la mtu. Tokeni ya kufikia data iliyokwisha kutolewa huweza kuendelea kufanya kazi mpaka muda wake uishe, kwa hiyo hesabu saa moja na nusu kabla ya kusema mlango umefungwa, halafu tazama kumbukumbu za kuingia za programu zenyewe uone kama bado inajaribu.

Kuondoa kibali huzuia data mpya kutoka, na hakuirudishi iliyokwisha kuchukuliwa. Mwandikie mtengenezaji siku hiyo hiyo ukimtaka afute nakala alizonazo na akuthibitishie kwa maandishi, kisha uweke jibu lake katika daftari lile lile, kwenye mstari wa programu hiyo.